Kocha anasema usisimame, fizio anasema pumzika: mgongo umsikilize nani?

Msomaji wa Mombasa ameniandikia hivi, nimefupisha kidogo: "Dada fizio, nina miaka 54, kazi yangu ni ya klaringi pale bandarini, gofu nacheza handikapu 19 (mapigo kama 19 juu ya kiwango cha uwanja). Tangu mwaka jana mgongo wa chini upande wa kulia unaniuma, unaanza shimo la 11 au la 12, kesho yake asubuhi siwezi kuinama kuvaa soksi. Kocha anasema nasimama kabla ya kupiga mpira, akanipa zoezi la kuegemeza makalio kwenye kiti, nimelifanya miezi miwili maumivu yakazidi. Nikaenda kwa fizio, akanilaza akanikanda akanipa mazoezi, akasema gofu basi kwanza. Nikipumzika napata nafuu, nikirudi uwanjani wiki ya pili ni yale yale. Kila mmoja ananiambia mwenzake hajui. Nimsikilize nani?"

Kaka, pole sana kwanza, na hio ya soksi nakupa pole mara mbili manake najua inavyokaa moyoni mtu mzima kuvalishwa soksi asubuhi. Swali la umsikilize nani naliweka pembeni kidogo, nianze na alichokiona kila mmoja wao. Kocha amesimama nyuma yako akaona fimbo ikishuka kiuno kinasogea mbele kuelekea mpira, mgongo unanyooka, kichwa kinapanda, na ni kweli hilo kosa lipo. Fizio naye amekulaza akagusa misuli ya mgongo upande wa kulia akaikuta imekaza kama kamba ya jahazi, na hio pia ni kweli. Sasa mi nina swali moja ambalo kwa maelezo yako hakuna hata mmoja aliyeliuliza: nyonga yako ya kushoto inazunguka kwenda ndani kiasi gani?

Ila kabla ya nyonga kuna jambo la hatari lazima tuliondoe njiani. Kama mguu umeanza kufa ganzi au unakosa nguvu, wayo unaburuta ukitembea, sehemu za siri au katikati ya mapaja hapasikii vizuri, mkojo au choo umeanza kukushinda kukizuia au kukitoa, hio siyo ya kocha wala ya fizio wala ya kungoja Jumatatu, nenda hospitali siku hio hio. Na kama maumivu yanakuamsha usiku hata ukilala vipi, au unapungua uzito bila sababu, au una homa, au umewahi kuugua saratani, muone daktari kwanza. Umesema yako yanaanza ukicheza na yanatulia ukipumzika, hio inanipa moyo, lakini hayo mengine jiulize mwenyewe kwa ukweli.

Haya, twende kwenye nyonga. Nachukulia unapiga mkono wa kulia, kama ni mkushoto basi geuza kila ninachosema. Fimbo ikishuka, kiuno kinatakiwa kizunguke kuelekea shabaha kikiwa juu ya mguu wa kushoto, na mguu wenyewe umekanyaga chini hauendi popote, kwa hivyo kichwa cha mfupa wa paja ndo kinazunguka ndani ya tundu lake, na mzunguko wenyewe ni wa kwenda ndani. Nyonga nzuri ina digrii 35 mpaka 45 hivi za mzunguko huo. Wanaume wa umri wako nikiwapima mara nyingi nakuta 15, wengine 10, sababu ni nyingi, kuna umri, kuna jinsi mifupa ilivyoumbwa tangu utotoni, kuna goti au nyonga iliyoumizwa kwenye kandanda miaka hiyo ya shule na ikasahaulika.

Nyonga ikigoma kwenye digrii 15 swingi, yaani ule mzungusho wa fimbo, haisimami kuisubiri. Fimbo kutoka juu mpaka kwenye mpira inachukua kama robo sekunde, yaani hujamaliza hata kupepesa macho, kwa hivyo mwili hauna nafasi ya kukumbuka kocha alisema nini Jumamosi, unapita pale njia ilipo wazi. Na njia iliyo wazi ni mbili. Ya kwanza kiuno kinakimbilia mbele, kuelekea mpira, na mgongo unanyooka ili mikono ipate pa kupita, ndo hicho kocha anaita kusimama. Ya pili mzunguko uliokosekana nyongani unaombwa mgongo wa chini.

Sasa mgongo wa chini una pingili 5 na kila moja inazunguka digrii moja au mbili tu, zote tano ukizijumlisha hufiki mbali. Vile viungo vidogo vya nyuma ya pingili vimekaa kama mbao mbili zinazotazamana, vimeumbwa kwa kuinama na kunyooka, kuzunguka siyo kazi yao. Pingili za kifua ziko 12, hizo ndo zinazunguka, karibu digrii 35 kila upande mtu akiwa mzima, na nyonga ndo kama nilivyosema. Yaani Mungu ameweka kiungo kinachozunguka juu, kiungo kinachozunguka chini, na katikati akaweka sehemu ya kubeba. Ukimnyima mzunguko wa juu na wa chini, wa katikati analazimishwa kufanya kazi isiyo yake. Na kwa mpiga mkono wa kulia, wakati wa kupiga mpira ubavu wa kulia unakunjika huku mwili unazunguka kushoto kwa kasi, kwa hivyo viungo vya kulia ndo vinabanwa. Hapo hapo unapoweka mkono ukifika shimo la 12.

Sijaitoa hewani hii. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa wachezaji gofu wa kulipwa ulioonyesha kwamba waliokuwa na historia ya maumivu ya mgongo walikuwa pia na upungufu wa mzunguko wa ndani kwenye nyonga ya mbele, yaani ya kushoto kwa mpiga mkono wa kulia. Uhusiano siyo ushahidi kwamba moja limeleta lingine, kuna watu wana nyonga ngumu na hawajaumwa siku hata moja, lakini ni sababu tosha ya mtu kupima kabla ya kuagiza zoezi.

Tuje kwenye lile zoezi la kiti. Najua nia ya kocha wako, anataka makalio yabaki nyuma yaguse kiti mpaka mpira uondoke, na ni zoezi zuri tena mi mwenyewe nalitumia. Lakini angalia linamfanya nini mtu ambaye nyonga yake haizunguki: njia ya kwanza ya kukwepa, ile ya kiuno kwenda mbele, umeifunga, nyonga bado imegoma, kwa hivyo kilichobaki ni ile ya pili tu. Mzunguko wote umeusukumia mgongoni. Miezi miwili. Ndo maana maumivu yamezidi, na siyo kwamba ulilifanya vibaya, inawezekana ulilifanya vizuri sana.

Na huku kwa fizio, kukuambia gofu basi bila kuiona swingi yako, hilo nalielewa manake nimelifanya mimi. Miaka ya mwanzo ya kazi nilimpumzisha mzee mmoja miezi mitatu, nikamfanyisha mazoezi mpaka akawa anainama anagusa vidole vya miguu anacheka, nikamruhusu kurudi uwanjani, wiki mbili tu akarudi kwangu kajishika kiuno. Sikuwahi kumuona akishika fimbo. Nilikuwa nimetibu mgongo wa mtu anayelala kitandani na yeye shida yake ilikuwa ni mgongo wa mtu anayeswingi. Iliniuma sana, na tangu siku hio mgonjwa wa gofu simalizani naye bila kwenda renji, pale wanapofanyia mazoezi ya kupiga mipira, kumtazama.

Nikupe mfano wa watu watatu niliowaona, wote kosa lao kwenye video ni moja na lako, kusimama kabla ya mpira.

Wa kwanza mkulima wa chai wa Limuru, miaka 61. Nikamlaza, nikamzungusha nyonga ya kushoto mwenyewe yeye akiwa amelegea, ikafika digrii 12 ikagonga, tak, kama mlango uliofika kwenye fremu, haivutiki. Hapo siyo misuli hapo ni mfupa na mfupa, na alikuwa amefanya miezi sita ya kuinyoosha kwa nguvu kutoka kwenye video za intaneti mpaka kinena kimeanza kumuuma. Yule hata ningemnyoosha mwaka mzima nisingepata digrii tatu. Dawa yake ilitoka kwa kocha: wayo wa kushoto ukafunguliwa uelekee shabaha kama digrii 30, fimbo haipandi mpaka juu, kisigino cha kushoto kinaruhusiwa kunyanyuka wakati wa kupandisha. Kuna makocha wanaona kunyanyua kisigino ni ushamba, lakini bingwa wa gofu Jack Nicklaus aliyeshinda mataji makubwa 18 alikuwa akinyanyua.

Wa pili mama mmoja mwalimu mstaafu. Nikimzungusha mimi nyonga inakwenda digrii 40 laini kabisa, lakini nikimwambia zungusha mwenyewe anafika 20 na mguu unatetemeka. Akilala chali, ainue makalio halafu anyooshe mguu mmoja, paja la nyuma linampiga mkakamao ndani ya sekunde tano. Kiungo kizima, mwenye kukiendesha ndo hayupo. Huyu kumpa mazoezi ya kunyoosha ni kumpotezea wakati, alihitaji nguvu za makalio na kujifunza kuinama kwa nyonga badala ya mgongo, na mpaka wiki ya saba kocha hakumgusa swingi hata kidogo, tulikubaliana hivyo.

Wa tatu kijana kedi, yaani mbeba fimbo za wachezaji, miaka 22. Kila kitu kinazunguka kama mpya. Nilimpima nikakosa la kuandika. Kumbe alijifunzia fimbo moja fupi ya zamani, aironi (fimbo ya kichwa cha chuma) ya kuokota, akawa anainama sana kuufikia mpira, na mwili ukazoea kuinuka kila akipiga. Huyo alinihitaji dakika 20 za kumhakikishia kwamba mwili wake hauna shida, akarudi kwa kocha na fimbo za urefu wake, siku tatu nne mambo yakakaa sawa.

Umeona? Kosa moja, sababu tatu, na dawa ya mmoja ingemuumiza mwingine. Ndo maana mi sikubali mtu kuniuliza ati zoezi gani linatibu kusimama. Hamna. Kuna kupima, na kipimo chenyewe kikubwa ni hicho ulichokiona hapo: mwenyewe anafika wapi, na akizungushwa anafika wapi. Zote mbili zikigoma, kiungo chenyewe ndo kigumu, hapo unauliza ni nyama au ni mfupa. Ya kuzungushwa ikienda na ya mwenyewe ikigoma, ni nguvu na uendeshaji. Zote zikienda, ni mazoea au vifaa, mpeleke kwa kocha mwache.

Huko Marekani wenzetu walishaliona hili zamani, Greg Rose na Dave Phillips walianzisha Titleist Performance Institute pale California mwaka 2003 wakaanza kuwafundisha makocha, mafizio na madaktari vipimo vilevile na majina yaleyale, mmoja akisema jambo mwenzake anaelewa. Rose ametoka upande wa tiba, Phillips ni kocha wa gofu, yaani hio ndoa ndo msingi wenyewe. Mafunzo yao yanafika mpaka kwetu, ukimpata kocha au fizio aliyeyapitia ni vizuri, lakini cheti siyo lazima, kilicho lazima ni wawili kukubali kukaa pamoja. Fizio wako hakikisha tu amesajiliwa na Physiotherapy Council of Kenya.

Sasa wewe kaka hapo nyumbani, kabla hujalipa senti nyingine, fanya haya leo jioni. Lala kifudifudi sakafuni, magoti yamegusana, yakunje nyayo zitazame juu dari, halafu ziachie nyayo zote mbili zidondoke nje, moja kulia moja kushoto, magoti yasiachane. Mwambie mtoto asimame nyuma ya magoti yako akupige picha na simu. Hapo unatazama mzunguko wa ndani wa nyonga zote mbili kwa pamoja. Wayo wa kulia ukidondoka vizuri na wa kushoto ukabaki umesimama kama mlingoti, tayari tuna la kuzungumza. Usisukume, usilazimishe, ni kuachia tu.

Cha pili kaa kwenye kiti kigumu, banisha mto katikati ya magoti ili kiuno kisidanganye, weka fimbo kifuani mikono imeipishana juu yake, zunguka kulia mpaka mwisho, kisha kushoto. Ukitazama kutoka juu fimbo inapaswa kufika karibu nusu ya pembe mraba kila upande, digrii 45. Watu wa ofisi wengi hukwama njiani, na ukikwama basi kifua nacho kinadai mgongo wa chini.

Cha tatu, kiatu. Chukua kiatu chako cha gofu cha kushoto ukigeuze. Soli ikiwa imelika sana ukingo wa nje kuliko cha kulia, mguu unakupindukia nje wakati wa kupiga, na mara nyingi mguu unafanya hivyo kwa sababu nyonga imekataa kuzunguka. Siyo kipimo cha kitabuni hiki, ni kitu nimejifunza kwa kutazama viatu vya watu wakivivua mlangoni, lakini kimenisaidia mno.

Kuna mtu mwingine nakuomba umuulize, naye ni kedi wako. Kama umekuwa na kedi mmoja muda mrefu basi yule ameiona swingi yako mara nyingi kuliko kocha na kuliko mimi nitakavyowahi kuiona, na amekuona shimo la 3 na shimo la 14. Muulize kwa heshima, nikianza kuchoka nabadilika nini? Mmoja aliwahi kuniambia bosi wangu akifika la 10 anaacha kufuata mpira kwa kifua, anabaki kuusukuma kwa mikono. Sentensi moja hio ilinionyesha kwamba shida ya yule bwana ilikuwa ni stamina ya makalio na kiuno, swingi yake ya asubuhi haikuwa na kosa. Na wewe maumivu yako yanaanza la 11, siyo la 1, hio peke yake inaniambia uchovu umo ndani ya hesabu.

Halafu hesabu ya mipira, hii watu hawaifanyi kabisa. Handikapu 19 unapiga kama 92 hivi kwenye uwanja ambao kiwango chake ni mapigo 72. Toa patingi, yale ya kusukuma mpira shimoni, tuseme 35, unabaki na mapigo kama 57, na ndani yake chipingi, yale mafupi ya kurusha mpira karibu na shimo, zipo, na yote yamesambaa kwa saa nne na ushee unatembea katikati yake. Ukienda renji ukachukua mipira 150 ukaimaliza kwa saa moja, umeswingi mara mbili na nusu ya raundi nzima, bila kutembea, bila kupumzika, nusu yake draiva, ile fimbo ndefu ya kupiga mbali. Na ulikuwa unafanya hivyo na zoezi la kiti, sivyo? Kwa hivyo mgongo ulipigwa na mawili, aina ya mwendo na wingi wake. Kwa sasa mipira 40, ukipiga 10 unakaa dakika tatu, na kwa siku moja chagua renji au raundi.

Turudi kwa swali lako sasa, nani umsikilize. Mi naomba uwakutanishe. Fungua grupu la WhatsApp la watu watatu, wewe, kocha, fizio. Waombe kwa adabu, waambie unawaheshimu wote wawili na unataka mgongo wako upone, wataalamu wengi wakiombwa hivi hawakatai, ugomvi wao mwingi unatokana na kusikiana kupitia mdomo wa mgonjwa. Weka video mbili za mwendo wa taratibu (slow motion), aironi namba 7, moja simu iwe usawa wa mikono nyuma yako ikitazama shabaha, nyingine ikutazame kifuani. Weka na ile picha ya nyayo. Kisha umwandikie fizio: naomba unipime nyonga zote mbili mzunguko wa ndani, mwenyewe na nikizungushwa, uandike digrii hapa, na useme mwisho wake ni laini au umegonga. Mwandikie kocha: tukipata hizo namba naomba uniambie swingi gani inanifaa mtu mwenye namba hizi. Ukiweza kuwapata wote renji kwa saa moja tu ni bora zaidi, lipia hio saa, itakupunguzia masomo kumi.

Ile saa huwa inakwenda hivi kwangu. Kocha anarekodi mipira mitano mimi nimenyamaza. Kisha mchezaji anavua viatu, tunatandika mkeka pembeni ya renji, namlaza, napima, nataja namba kwa sauti na kocha anaandika. Juzi juzi kocha mmoja alisikia kushoto 14, kulia 36, akashusha kalamu akasema, mwaka mzima namwambia huyu zungusha kiuno. Hakuna aliyemlaumu, angejuaje? Akamfungulia wayo wa kushoto, akamsogeza mpira nusu ya upana wa ngumi, akamwambia apandishe fimbo mpaka mikono ifike usawa wa bega basi. Mpira wa tatu mchezaji akageuka akatuangalia, mkono ameuweka kiunoni, akasema mbona haichomi. Umbali ulipungua kidogo, lakini ulikuwa ukienda nyoofu.

Nikiwa ndo mimi na wewe, wiki mbili za kwanza hamna swingi kamili, chipingi na patingi ruhusa, tembea kila siku nusu saa. Mazoezi ni machache, kulala chali kuinua makalio, kuinama kwa nyonga huku fimbo ya ufagio imegusa kisogo, mgongo wa juu na makalio bila kuachia hata sehemu moja, kuzungusha kifua ukiwa umekaa, na kukaa sakafuni magoti yote yamekunjwa upande mmoja kisha ugeuze upande wa pili taratibu, hilo la mwisho ni kama tu fizio amesema mwisho wa nyonga ni laini, akisema imegonga liache kabisa. Wiki ya 3 mpaka ya 6 nusu swingi, weji (fimbo za mapigo mafupi) na aironi fupi. Wiki ya 7 kuendelea mashimo 9. Usumbufu mdogo unaoisha kesho yake asubuhi unavumilika, ukishindwa soksi tena umevuka mpaka, rudi hatua moja nyuma.

Na tafadhali usiruke kutoka kwenye gari ukaenda moja kwa moja tii ya kwanza, pale raundi inapoanzia. Umetoka foleni ya daraja la Nyali umekunjika dakika 40, unashuka unachomoa draiva, hapana. Dakika 8, tembea haraka, squati nusu mara kumi, zungusha kifua, bembeza mguu mmoja mmoja, swingi tano polepole na weji.

Umenigusia pia mwishoni kwamba rafiki zako wanakushauri operesheni kwa sababu mchezaji gofu Tiger Woods alifanyiwa akashinda. Kweli aliunganishwa pingili ya chini kabisa ya kiuno na mfupa ulio chini yake Aprili 2017 na akashinda mashindano makubwa ya Masters 2019, lakini ile ilikuwa ni operesheni ya nne ya mgongo, na zile za kabla yake hazikumaliza shida. Operesheni ina watu wake na daktari wa upasuaji ndo wa kusema, wewe hata nyonga hujapimwa bado.

Kwa hivyo leo jioni lala sakafuni, mtoto apige picha, halafu nitumie, na uniambie na ile soli ya kiatu cha kushoto imelika wapi. Draiva iache nyumbani kwa sasa.